Wenzo mmoja, kazi tano

Mkono wa kushoto wa rubani wa ndege ya kivita ya mwaka 1940 haukuwa na mapumziko. Mkono wa kulia ulishika fimbo ya kuongozea ndege, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha bunduki. Miguu ilikuwa kwenye kanyagio. Mengine karibu yote yaliangukia kushoto: kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, kugeuza pembe ya mapanga ya propela, kusawazisha mkia, kuangalia joto la injini lisivuke mpaka. Wakati huohuo macho ya rubani yalitakiwa kuwa nje ya kioo, yakimtafuta adui anayetokea upande wa jua. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu alikabidhiwa zaidi ya mawili.

Kasi na bunduki za ndege za Kijerumani za Vita vya Pili vya Dunia zimeandikwa sana. Hapa nataka kukaa na kitu ambacho ni nadra kuonekana kwenye picha za vita hivyo: vali, springi, vikebe na fimbo nyembamba zilizofichwa nyuma ya injini, kazi ya watu waliojiuliza ni shughuli zipi za rubani zinazoweza kufanywa na chuma chenyewe. Jibu lao lilikamilika zaidi katika ndege iitwayo Focke-Wulf Fw 190. Lakini ili kuona uzuri wa jibu lazima kwanza tuone uzito wa swali.

Panga la propela ni bawa dogo linalozunguka, na pembe ambayo linakata nayo hewa huamua injini itabeba mzigo kiasi gani. Ndege inapoanza kukimbia uwanjani, panga linahitaji kukata hewa kwa pembe ndogo ili injini izunguke kwa kasi na kutoa nguvu zake zote. Ikishakuwa angani na kwenda kasi, pembe ileile inakuwa hasara: injini inazunguka kupita kiasi na propela haivuti. Sasa panga linatakiwa kugeuzwa likate hewa kwa pembe kubwa. Dereva wa lori analijua jambo hili bila kufundishwa, kwani hapandi mlima kwa gia ya juu wala hashiki barabara kuu kwa gia ya kwanza.

Messerschmitt Bf 109 E, iliyopigana juu ya Uingereza majira ya kiangazi ya 1940, ilikuwa na propela ya kampuni ya VDM iliyogeuzwa na mota ya umeme. Katika ndege za mwanzo za aina hiyo kazi ya kuigeuza ilikuwa ya rubani mwenyewe, kwa swichi. Swichi ikibonyezwa upande mmoja pembe inapungua, ikibonyezwa upande wa pili inaongezeka, ikiachwa mapanga yanabaki yalipo. Ili rubani ajue yamefika wapi, aliwekewa mbele yake geji yenye uso wa saa ya ukutani, mishale miwili, mkubwa na mdogo, na tarakimu kuzunguka duara. Mishale ikiwa karibu na 12, mapanga yako kwenye pembe ndogo ya kurukia. Kadiri pembe inavyokua, saa inarudi nyuma. Rubani alisoma propela yake kama mtu anavyosoma saa, kwa mtupo mmoja wa jicho, bila kuhesabu nyuzi.

Geji hiyo ni ufundi wa kupendeza. Aliyeibuni hakumlazimisha rubani kujifunza kipimo kipya. Alitumia kipimo ambacho kila mtu amekuwa akikisoma tangu utotoni. Hata hivyo, jicho lilibaki na kazi. Rubani akiinamisha pua ya ndege na kuteremka kwa kasi huku amesahau kuongeza pembe, upepo ulianza kuizungusha propela na propela kuivuta injini, mizunguko ikapanda kupita mpaka wa usalama. Injini inaweza kuvunjika kwa kosa la sekunde chache, nazo ni sekunde zilezile ambazo rubani ana sababu nzuri sana ya kuangalia kwingine. Baadaye Bf 109 zilipewa kidhibiti kilichopanga pembe chenyewe kufuatana na mahali wenzo wa injini ulipo, na swichi ya mkono ikahamishiwa kwenye wenzo huo, chini ya kidole gumba.

Upande mwingine wa injini hiyohiyo kulikuwa na jambo lililokwisha kutatuliwa kwa ustadi wa hali ya juu. Hewa hupungua uzito kadiri ndege inavyopanda, na injini inayopumua hewa nyepesi hupoteza nguvu. Dawa yake ni supachaja, feni kali inayosindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Shida ni kwamba feni inayotosha juu sana ni kubwa mno kwa chini: inakula nguvu za injini bure na kusindilia kupita kiasi. Wengi walitatua kwa gia mbili, moja ya chini na moja ya juu. Wahandisi wa Daimler-Benz, kwenye injini ya DB 601, waliunganisha feni na injini kwa oili. Kati ya kinachozungusha na kinachozungushwa hapakuwa na meno ya gia yanayong'atana; palikuwa na vikombe viwili vinavyotazamana, na oili ikizungushwa na kimoja ikisukuma kingine. Oili ikiwa kidogo, feni inateleza na kwenda polepole. Ikiongezwa, inakaza mwendo. Kikebe kinachohisi kimo ndicho kilichoamua oili iingie kiasi gani. Ndege ilipanda na feni ikaongeza kasi taratibu, bila mshtuko na bila rubani kugusa chochote.

Fikra iliyomo kwenye DB 601 ni kwamba jambo linalofuata kanuni halihitaji mtu. Kama kimo kinajulikana, kasi inayofaa ya feni inajulikana pia, hivyo hakuna sababu ya kumsumbua rubani. Kilichobaki ni kuuliza mambo mangapi mengine yako hivyo.

Kurt Tank, mbunifu mkuu wa Focke-Wulf mjini Bremen, alikuwa ametumikia jeshi la farasi katika Vita vya Kwanza, na aliieleza ndege aliyoitaka kwa lugha ya zizini. Ndege za kivita za wakati huo, kwa maoni yake, zilikuwa farasi wa mashindano: zina mbio, lakini ukizikosea kidogo zinakutupa. Alitaka farasi wa askari, anayekula alichopewa, analala nje, na anaweza kupandwa na kijana aliyefundishwa kwa haraka. Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka tarehe 1 Juni 1939, na baada ya injini ya mwanzo kuachwa, Fw 190 ilipewa BMW 801: silinda 14 zilizopangwa kwa duara mbili, moja nyuma ya nyingine, ujazo wa lita 41.8, ikipozwa kwa hewa. Mbele yake, nyuma tu ya propela, kulikuwa na feni ya kupooza iliyozunguka zaidi ya mara tatu ya mwendo wa propela.

Injini hiyo ilikuja na sanduku la chuma lililoitwa Kommandogerät.

Rubani wa Fw 190 alikuwa na wenzo mmoja wa injini. Akiusukuma mbele alikuwa anatoa ombi moja tu: nipe nguvu kiasi hiki. Kutoka kwenye ombi hilo sanduku lilipanga mambo matano: shinikizo la hewa inayoingia kwenye silinda, kiasi cha petroli kinacholingana nayo, wakati wa plagi kutoa cheche, gia ya supachaja, na mizunguko ya injini kwa njia ya pembe ya propela. Kwenye toleo la BMW 801 D-2, wenzo ukisukumwa hadi mwisho ulileta mizunguko 2,700 kwa dakika na shinikizo la ata 1.42, ambapo ata moja ni kilo moja ya msukumo kwenye kila sentimeta ya mraba. Ukirudishwa kidogo, nguvu ya kupandia: 2,400 na 1.32. Ukirudishwa tena, mwendo wa kudumu: 2,300 na 1.20. Namba hizo zilikwenda jozi kwa jozi, na rubani hakuweza kwa bahati mbaya kuoanisha shinikizo kubwa na mizunguko midogo, kosa ambalo hupasua injini. Jozi mbaya hazikuwemo kwenye njia ya wenzo.

Tuingie ndani ya sanduku lenyewe, maana ustadi wake uko katika namna lilivyokwepa mashine nzito. Wenzo wa rubani ulizungusha mhimili wenye vipande vya chuma vilivyochongwa mabonyeo maalumu. Umbo la bonyeo ndilo lililobeba hesabu: mhandisi alikwisha kuamua mezani ni shinikizo gani linafaa kwa kila nafasi ya wenzo, akalichonga jibu kwenye ukingo wa chuma. Kijiti kinachotambaa juu ya ukingo huo kinapanda na kushuka, na kupanda kwake ndilo ombi.

Upande wa pili kulikuwa na vikebe vya chuma chembamba vilivyotolewa hewa na kuzibwa. Shinikizo likiongezeka, kikebe kinabanwa, likipungua, kinavimba. Mwendo wenyewe ni mdogo sana, na hauna nguvu ya kusukuma mlango wa hewa wa injini kubwa. Kwa hiyo haukupewa kazi ya kusukuma, ulipewa kazi ya kuamuru. Kikebe kilisogeza vali nyembamba. Vali ikaachia oili ya injini, iliyokwisha kubanwa na pampu, ipite upande mmoja wa pistoni. Pistoni ndiyo iliyokuwa na misuli ya kufungua au kufunga mlango. Mlango ukifunguka, shinikizo linapanda, kikebe kinabanwa, na ombi linapotimia vali inajifunga yenyewe. Ndege ikipanda na hewa kupungua, mzunguko mzima unaanza tena. Rubani anaona mshale wa geji umetulia palepale, wala hajui kwamba nyuma ya injini kuna mazungumzo yasiyokatika kati ya kikebe na pistoni.

Hesabu zote za kifaa hicho zilifanyika bila waya mmoja wa umeme wa kufikiria. Leo tungekabidhi kazi hii kompyuta na kuandika kanuni kwa maneno na tarakimu. Mafundi wa BMW waliziandika kanuni hizo kwa patasi na jiwe la kunolea. Ukitaka kubadilisha kanuni unachonga chuma kingine. Ukikosea kwa upana wa unywele, injini inakosea pamoja nawe. Kila umbo ndani ya sanduku hilo lilikuwa uamuzi wa mtu, uliopimwa kwenye injini iliyofungwa kwenye meza ya majaribio, ukarekebishwa, ukapimwa tena.

Na halikuwa kamilifu. Mwanzoni mwa 1941, marubani waliotengwa kuijaribu Fw 190 huko Rechlin, wakiongozwa na Otto Behrens, walikutana na injini zilizochemka kupita kiasi, hasa silinda za duara la nyuma, kiasi kwamba ndege nzima ilikaribia kukataliwa. Kommandogerät lenyewe lilikuwa na tabia yake. Injini hii haikuwa na vikombe vya oili vya Daimler-Benz. Supachaja yake ilikuwa na gia mbili, na sanduku lilizibadilisha kimo kilipofika. Mabadiliko hayo yalikuja kwa kishindo. Rubani anayeruka bawa kwa bawa na mwenzake alijikuta ametupwa mbele ghafla, na aliyekuwa anapindua ndege kichwa chini katika kimo hichohicho alipata msukumo wa pembeni ambao hakuuomba. Hii ndiyo hatari ya kila kifaa kinachoamua kwa niaba ya mtu: kinaamua kwa wakati wake, nao huenda usiwe wakati wa mtu.

Wabunifu walilijua hilo, na ushahidi wake uko kwenye kishikio cha wenzo. Mahali kidole gumba kinapolala paliwekwa swichi, na rubani aliweza kuiondoa propela mikononi mwa sanduku na kuigeuza mwenyewe kwa umeme, akisoma geji ya pembe iliyobaki kwenye paneli. Geji ile ya saa haikutupwa wakati kazi yake ilipokwisha. Nadhani hapo ndipo fundi hodari anapojulikana. Mwenye kiburi angekiamini kifaa chake na kuing'oa geji. Mwenye woga angemwachia rubani nyenzo zote. Hawa walikiamini kifaa kwa siku za kawaida, wakaacha mlango wazi kwa siku isiyo ya kawaida.

Waingereza walipata nafasi ya kukisoma kifaa hicho bila kukitafuta. Tarehe 23 Juni 1942, baada ya mapambano, rubani wa Kijerumani Armin Faber alipotea njia na kutua Pembrey, kusini mwa Wales, akidhani amefika upande wa Ufaransa. Aliwaletea Fw 190 A-3 nzima, isiyo na mkwaruzo. Wataalamu waliichunguza na kuirusha ikipambanishwa na ndege zao. Si kwamba wao walikuwa nyuma katika kila kitu: injini ya Merlin ya ndege yao ya Spitfire ilikuwa tayari na kifaa cha kudhibiti shinikizo chenyewe, na tangu kiangazi cha 1940 propela zake zilishika mizunguko aliyoipanga rubani. Lakini propela hiyo ilikuwa na wenzo wake pembeni ya ule wa injini, na kuoanisha nyenzo hizo mbili kulibaki kichwani mwa mtu. Namna Wajerumani walivyoifunga injini ya duara kwa ubano na kuipooza iliwafunza wabunifu wa Uingereza mengi walipochora ndege zao za baadaye.

Ujerumani kwenyewe fikra hiyo ilisambaa. Injini ya Jumo 213, iliyowekwa kwenye Fw 190 D-9 mwaka 1944, nayo ilikuwa na kifaa cha wenzo mmoja. Kwenye ndege ndogo kama Arado Ar 96 ya mafunzo, kampuni ya Argus ilikwenda njia nyingine kabisa: kofia ya mbele ya propela ilipewa mapezi, na upepo wa mwendo wa ndege ulizungusha mapezi hayo yakabadilisha pembe ya mapanga. Hapo rubani hakuhitaji hata kuomba. Upepo wenyewe ndio uliotoa taarifa na ndio uliofanya kazi.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao anayesifu ufundi hana haki ya kuuruka. Injini za BMW 801 zilitengenezwa pia kwenye kiwanda cha Allach, kando ya mji wa Munich, na huko walifanyishwa kazi kwa nguvu maelfu ya watu waliokamatwa nchi mbalimbali, wakiwemo wafungwa wa kambi tanzu ya Dachau iliyojengwa kwa ajili ya kiwanda hicho. Usahihi tunaoustaajabia ulipita kwenye mikono ya watu wenye njaa waliochungwa na walinzi wenye silaha. Rubani alipunguziwa kazi tano zikawa moja. Mtu wa Allach hakupunguziwa chochote. Na ndege yenyewe iliutumikia utawala uliotaka kambi nyingi zaidi za namna hiyo. Ubora wa vali hauufuti ukweli huo, na ukweli huo hauifanyi vali kuwa mbovu. Msomaji anapaswa kuvibeba vyote viwili.

Injini chache za aina hiyo zimesalia, na zinazofanya kazi ni chache zaidi. Fw 190 A-5 moja iliyoanguka msituni mwaka 1943, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Leningrad, ilikaa miongo mingi katikati ya miti iliyoota kuizunguka, ikatolewa, na mwaka 2010 ikaruka tena Marekani ikiwa na injini yake ya BMW 801. Nakala mpya za Fw 190 zilizoundwa na kampuni ya Kijerumani ya Flug Werk zinatumia injini ya asili ya Kisovieti, ASh-82. Kwa macho zinafanana, mtu aliyesimama pembeni ya uwanja huenda asione tofauti. Tofauti iko kwenye mkono wa rubani, kwani Kommandogerät halimo.

Fikra ya wenzo mmoja sasa iko kila mahali. Ndege kubwa ya abiria ina kompyuta inayopokea ombi la rubani na kuamua mafuta yaingie kiasi gani, na baadhi ya ndege ndogo mpya za injini ya dizeli zina wenzo mmoja na kompyuta nyuma yake. Lakini haijashinda kote. Anayepanda Cessna Caravan kutoka Arusha au uwanja wa Wilson kwenda mbugani, akikaa karibu na rubani, ataona wenzo wa nguvu, wa propela na wa mafuta, kila mmoja na kazi yake, na rubani akizipanga kwa zamu. Caravan haipigani na mtu. Rubani wake ana muda wa kutazama geji zake, na urahisi wa kuitengeneza ndege mbali na karakana una thamani kubwa kuliko kupunguziwa nyenzo mbili. Kwa hiyo si kila kazi inayoweza kuchukuliwa na chuma inapaswa kuchukuliwa. Inategemea mwenye kazi ana nini kingine cha kufanya wakati huo.

Anayetaka kupima ufundi wa namna hii ahesabu mambo ambayo mtumiaji hana haja ya kuyafikiria tena. Kisha aulize maswali mawili: nani aliyafikiria mapema kwa niaba yake, na nani aliyelipa.